Kadi za watoto zimejikunja na zimechanganyika: nianzie wapi?

"Habari yako. Nina vijana wawili, mmoja ako sekondari na mwingine gredi ya sita. Mjomba wao ako Texas na kila mtu akitoka huko anawabebea kadi za michezo, saa hii naona zimefika kama elfu tatu: Pokémon, Yu-Gi-Oh!, Magic na zingine sijui hata ni za nini. Tunakaa Migosi hapa Kisumu, chumba cha wavulana ni mabati bila silingi. Kadi ziko kwa katoni ya mafuta ya kupika chini ya kitanda, zimefungwa na rababendi. Zile za kung'aa zimeanza kujikunja na zingine zimeshikana. Binamu yangu ako Nakuru, zake ziko kwa katoni ya viatu miaka mingi na ziko sawa, kwa hivyo sielewi sisi tumekosea wapi. Jirani anasema niweke mchele kwa katoni. Kijana wa saiba anasema atanilaminetia zote kwa bei poa. Na hawa vijana wanapigana kila wikendi juu ya kadi ya nani iko wapi. Nizipange aje na nizitunze aje bila kugusa pesa ya karo?"

Dada yangu, kwanza hiyo ya saiba, juu ndiyo yenye haraka: usilaminetie hata moja. Najua hapa kwetu tunalaminetia kila kitu, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, hadi picha ya mazishi, na mtu anafanya hivyo kwa nia nzuri. Lakini hiyo mashini inabandika plastiki na gundi kwa moto, na ikishashika hakuna njia ya kuitoa bila kung'oa wino. Kadi ikilaminetiwa haiwezi kuchezwa kwa mashindano, haiwezi kuuzwa, na kama kulikuwa na unyevu ndani ya karatasi umeufungia humo humo. Mwambie kijana asante, utampelekea vyeti.

Sasa swali lako. Naona una shida mbili ambazo zimekaa kwa katoni moja zikaonekana ni moja. Ya kwanza ni hewa, yaani unyevu na joto, hiyo ndiyo inakunja kadi na kuzishikanisha. Ya pili ni mpangilio, hiyo ndiyo inapiganisha vijana. Mimi kazi yangu ni kutunza karatasi na nyaraka hapa hapa karibu na ziwa, na kadi nazikusanya mwenyewe, na nakwambia ukipanga vizuri kabla ya kurekebisha hewa utakuwa na kadi zilizopangwa vizuri na zimeoza. Kwa hivyo anza na hewa.

Mbona za binamu yako ziko sawa? Si ati yeye ni mwangalifu kukushinda. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, hewa yake ni baridi na kavu kiasi. Sisi Kisumu tuko kama mita 1,130, ziwa liko mlangoni, na hewa yetu imebeba maji mengi zaidi. Katoni ya viatu ya Nakuru ikiletwa Migosi inaanza kunywa. Ukienda Kakamega na ile mvua yao, hata vibaya zaidi.

Na kujikunja kwenyewe kunakuja hivi. Kadi ya kawaida ni karatasi ngumu pande zote, ikinywa unyevu inavimba kidogo na inavimba sawa sawa, haupati kuona. Kadi ya kung'aa ina tabaka jembamba la foili upande wa picha, na foili hainywi maji. Sasa karatasi ya nyuma inarefuka, foili ya mbele imekataa, zimeunganishwa, basi kadi haina budi kupinda. Chukua moja uiweke mezani picha ikiangalia juu. Kama kona zimeinuka kuelekea kwako, kadi imeshiba unyevu. Kama katikati ndiyo imeinuka na kona zimegusa meza, imekauka kupita kiasi. Naamini zako nyingi zitainua kona. Hiyo si ugonjwa wa kudumu, ukirudisha unyevu wa kawaida nyingi zinanyooka zenyewe polepole, polepole kabisa, kwa wiki na si kwa masaa. Usipige pasi. Usianike juani. Jua linakausha upande mmoja haraka na tena linafifisha rangi, na rangi iliyofifia hairudi.

Chumba cha mabati kinaongeza shida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mchana hewa chini ya mabati inachemka, usiku wa manane inapoa, alfajiri unyevu umepanda tena. Karatasi inavimba na kusinyaa kila siku, na hiyo kwenda na kurudi inachosha kadi kuliko unyevu wenyewe ukikaa mahali pamoja. Ndio maana kitu cha kwanza ninachokuomba ni cha bure: toa hizo kadi chumba cha wavulana. Peleka sebuleni ama chumba chenye silingi, mbali na dirisha, mbali na jikoni juu ya mvuke na moshi, kwa rafu ya katikati. Si sakafuni, juu ya mchwa na mafuriko, na si rafu ya juu kabisa karibu na mabati. Acha vidole vitatu vinne kati ya boksi na ukuta, ukuta wa nje huku kwetu hulowa wakati wa masika na huwezi kuona.

Mchele sasa. Jirani yako hakosei kwamba mchele unanyonya unyevu, unanyonya, lakini kidogo sana, na ukishashiba umeshiba. Halafu unaleta vumbi la unga, fukusi, na panya ambaye hakuwa na sababu ya kupanda hiyo rafu. Kitu unachotaka ni silika jeli, zile punje zinazokuja kwa pakiti ndogo ndani ya viatu na mikoba mipya. Zile za kununua kwa gramu nyingi ni afadhali, hasa zenye punje za rangi za kukuonyesha zimeshiba, kuna za machungwa zinazogeuka kijani. Zikishiba unazikausha kwa oveni kama nyuzi 120 kwa masaa mawili hivi na zinarudi kazini. Lakini usijaze kama unatia chumvi. Ukikausha kupita kiasi foili zitapinda upande ule mwingine. Lengo ni unyevu wa karibu asilimia 50, ukicheza kati ya 45 na 55 uko sawa, na kuanzia 65 kwenda juu kuvu anaanza kuamka. Utajuaje? Nunua haigromita, yaani kipima unyevu wa hewa, ndogo ya dijitali, ile ya ukubwa wa kiberiti, uiweke ndani ya boksi. Kama kuna kitu kimoja tu utanunua kwa hii barua yote, nunua hiyo, juu bila hiyo unabahatisha.

Boksi lenyewe: achana na katoni ya mafuta. Katoni za supamaketi huja na mayai ya mende, na ile karatasi yake ya mawimbi ina asidi na inanyonya maji kutoka sakafuni. Tafuta kontena ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, ile ya kuweka unga ama nguo, ya lita 20 hivi inatosha kadi elfu tatu na nafasi inabaki. Hapa kuna jambo ambalo watunza nyaraka wanalijua na watu wengine hawaambiwi: boksi lililojaa karatasi linajilinda. Karatasi nyingi pamoja zinashikilia unyevu wake, kwa hivyo hewa ya nje ikibadilika ya ndani inabadilika taratibu. Boksi nusu tupu linayumba na hali ya hewa. Nafasi ikibaki ijaze na karatasi nyeupe safi ya fotokopi. Na usifunge boksi jioni ya Aprili mvua ikinyesha, utakuwa umefungia mvua ndani. Tandaza kadi kwa chumba kikavu siku kadhaa, siku za kiangazi, halafu funga mchana saa nane saa tisa wakati hewa imekauka. Anza na silika kama gramu 50, angalia haigromita baada ya siku tatu, ongeza ama punguza.

Kabla hujaziweka humo, toa rababendi zote. Usizivute. Kwa joto letu raba inayeyuka na kushika ukingo wa kadi, ukivuta unang'oa karatasi. Kata na makasi katikati, acha vipande vianguke, na kilichoshika kiache hapo hapo hadi kikauke kiwe kigumu, halafu kibandue na ukucha taratibu. Utaona kadi ya kwanza na ya mwisho ya kila bunda zina mkunjo pale raba ilikuwa, hiyo haitoki, ikubali tu.

Tuje kwa mpangilio, na hapa niite vijana wakae na wewe, juu wao wanajua kukushinda.

Geuza kadi zote ziangalie chini, usisome chochote, panga kwa mgongo. Mgongo wa Pokémon ni buluu na mpira wa Pokémon katikati. Wa Magic ni kahawia wenye duara tano za rangi. Wa Yu-Gi-Oh! ni kahawia pia lakini una umbo la yai jeusi katikati. Yule wa gredi ya sita atamaliza hiyo kazi kabla chai haijapoa. Zile ambazo mgongo hamuujui ziende kando, zinaweza kuwa Lorcana, One Piece ama mchezo mwingine, mtazitambua baadaye kwa jina la kampuni lililoandikwa chini kwa herufi ndogo.

Kwa nini mchezo kwanza? Juu ya saizi. Pokémon na Magic ni milimita 63 kwa 88, zinavaa slivu moja, yaani kile kimfuko chembamba cha plastiki cha kuvisha kadi. Yu-Gi-Oh! ni ndogo, 59 kwa 86. Hizo milimita nne unaona ni kitu kidogo, lakini weka Yu-Gi-Oh! kwa slivu kubwa, tingisha, utasikia ikicheza ndani, na kila ikigonga ukingo inachubuka nyeupe. Na ukisimamisha saizi mbili kwa mstari mmoja, ndogo inazama na kubwa inainama juu yake. Kwa hivyo ukienda kununua slivu sema ni za mchezo gani, usiseme tu ni za kadi.

Baada ya hapo watu hubishana sana: kwa seti, yaani toleo ambalo kadi ilitoka nalo, kwa alfabeti, kwa bei? Maoni yangu, na nimeona makusanyo mengi, ni kwamba usipange kwa bei. Bei inabadilika kila mwezi na utakuwa unapanga upya hadi uchoke. Kwa kadi za kawaida, zile nyingi, panga venye vijana wanacheza: Magic kwa rangi zake tano, nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu, kijani, na zisizo na rangi mwisho, Pokémon kwa aina ya nishati, Yu-Gi-Oh! kwa aina zake tatu za kadi, monsta, speli na trapu. Mtoto akitaka kadi anaenda moja kwa moja. Kupanga kwa seti na namba kuna raha yake, mimi mwenyewe napenda kuona namba zikifuatana, lakini ni kwa zile chache unazotaka kuzitunza, ukifanya hivyo kwa elfu tatu na watoto wanacheza nazo itavurugika Jumamosi ya kwanza.

Zile chache utazitambua aje? Pokémon angalia chini kando ya namba: duara ni ya kawaida, almasi ni ya kati, nyota ni adimu. Magic angalia alama ya seti chini ya picha kulia: nyeusi ni kawaida, fedha ni ya kati, dhahabu ni adimu, rangi ya machungwa ni adimu zaidi. Lakini kadi za Magic za kabla ya 1998 hazina hizo rangi, alama ni nyeusi tu ama haipo kabisa, kwa hivyo ukiona ya zamani usiitupe kwa rundo la kawaida. Yu-Gi-Oh! jina likiandikwa kwa fedha ama dhahabu inayong'aa, iweke kando. Na nikuambie ukweli, adimu si lazima iwe ghali, nyingi za nyota ni za bei ya soda. Ukitafuta bei angalia zilizouzwa tayari, si zile mtu anaomba, kuomba ni bure. Na zile za Pokémon za plastiki ya dhahabu tupu zinazouzwa kwa vibanda vya vitu vya watoto ni feki, wape watoto wacheze nazo, lakini usizichanganye. Ukishuku nyingine, iweke kando ya kadi ile ile ya mchezo huo unayojua ni halali mlinganishe rangi ya mgongo na unene wa herufi. Usikunje kadi kuipima, hata kama mtu amekuonyesha kwa video.

Hizo za thamani zivae slivu laini halafu toploda, ile plastiki ngumu. Zinazobaki za kupendeza ziende kwa albamu. Albamu ni nzuri, vijana wataifungua na kufurahia na ndiyo maana ya kuwa nazo, ila chagua isiyo na ringi ama yenye ringi ya umbo la D, ile ya duara inabonyeza kadi za safu ya ndani ukifunga. Mifuko iwe inaingilia kando, si juu. Na nusa kabla ya kununua: ikiwa na ile harufu kali kama pazia jipya la bafu, hiyo ni PVC, ina mafuta yanayotoka polepole na kushika wino, iache dukani. Unataka iliyoandikwa polipropilini ama PP. Albamu za picha zenye gundi kwa ukurasa, zile za harusi, hapana kabisa.

Kadi elfu mbili na kitu zinazobaki hazihitaji slivu. Nakwambia hivi kwa moyo wote juu watu wa mtandaoni watakuambia uvishe kila kadi, na hapo karo inaguswa. Zisimamishe kwa mistari ndani ya kontena, zisilale moja juu ya nyingine, zisibanwe na zisilegee. Kadi mia moja ni kama sentimita tatu, kwa hivyo unaweza kupima nafasi kabla. Kata vigawanyo kutoka manila nyeupe, vipite kadi kwa urefu wa kidole, andika rangi ama aina kwa penseli. Zinazojikunja ziweke pamoja kati ya zilizonyooka, zitasukumwa taratibu hewa ikitulia.

Na vita vya wikendi? Kila kijana awe na deki zake, yaani mabunda ya kadi anazochezea, kwa boksi lake lenye jina, na hizo ndizo zivae slivu kila moja, juu ndizo zinashikwa na mikono yenye jasho na mafuta ya chapati. Deki ya Pokémon ni kadi 60 kamili, Magic ni 60 kwenda juu, Yu-Gi-Oh! ni 40 hadi 60 na deki yake ya ziada hadi kadi 15, kwa hivyo utajua slivu ngapi zinahitajika. Kadi ikitoka kwa kontena kuingia deki, karatasi iingie mahali pake imeandikwa jina la kadi na jina la aliyechukua. Weka pia kaunta buku kwa rafu, ukurasa wa kila mchezo, za thamani tu, namba, hali yake na mwenyewe ni nani. Mkubwa akitaka kuiweka kwa simu sawa, lakini kitabu hakiishi chaji. Hapo hakuna wa kusema "ilikuwa yangu".

Kuhusu kutuma Marekani kadi zikapimwe hali na kupewa alama na kampuni kama PSA, kwa kadi nyingi gharama ya kutuma na kupima itapita bei ya kadi, na iliyojikunja ama kuchubuka haitapata alama nzuri. Mjomba akija na kweli mna moja ya maana, abebe yeye mkononi.

Mahali pa kusimama na kutafuta mtu wa kuziona kwa macho ni hapa. Zile zilizoshikana: kwanza zikae kwa hiyo hewa kavu wiki kadhaa, nyingi zitaachana zenyewe ukizipinda kidogo sana ukingoni. Zisipoachana, usitumie kisu, usitumie mvuke, na kama moja yake ni ya thamani ipeleke kwa mtu anayejua kutunza nyaraka ikiwa hivyo hivyo imeshikana, juu tukipata zilizoraruliwa kuna kidogo sana tunachoweza. Kadi yenye madoa ya kuvu yenye manyoya itenge leo kwa ziploki, ipanguse nje ya nyumba na brashi laini ukiwa umevaa barakoa, kwa mwelekeo wa upepo usikurudie. Kuvu ikiwa imeenea kwa bunda zima, ama mmoja wa vijana ana pumu na amekuwa akikohoa usiku tangu hiyo katoni ikae chini ya kitanda, mpeleke hospitali kwanza, na hiyo katoni itoke nje ya nyumba leo leo kabla hata hujanunua haigromita.